Siti za Mark X kwenye Probox: zitaingia, ila mi nisingezichukua

Kuna msomaji wa Morogoro kaniandikia, nalifupisha swali lake: ana Toyota Probox NCP51 ya 2008, anazunguka nayo kusambaza spea za pikipiki mpaka Ifakara, siti ya dereva imebonyea kiasi kwamba akifika mgongo hauinuki. Ameona jozi ya siti za ngozi za Mark X GRX120 pale Ilala, za umeme, na advansi ameshatoa. Fundi wa mtaani kwao kamwambia hiyo kazi ndogo, anakata miguu ya reli anachomelea, asubuhi unaleta gari jioni unachukua. Sasa anauliza mambo matatu: zitaingia kweli, umeme wake unaunganishwaje, na ile lebo ya eabegi iliyoshonwa ubavuni mwa siti ina madhara gani.

Kaka, jibu fupi kwanza. Kuingia zitaingia, hakuna siti isiyoingia kwenye gari ukiwa na grenda na mtu wa kuchomelea. Swali lenyewe ni siku umekutana na lori limezima taa usiku pale katikati ya Mikumi, hiyo siti itabaki ilipofungwa au itakuja na wewe mpaka kwenye usukani. Kwa namna fundi wako anavyotaka kuifanya, itakuja na wewe. Kwahiyo kwa hizo za Mark X mi nasema hapana, ila tatizo lako la mgongo ni la kweli na lina dawa, nitakuonyesha ningefanya nini mimi.

Watu wengi wanaichukulia siti kama kochi tu, ukishakaa vizuri basi imetosha. Sasa inama angalia siti ya gari lako upande wa katikati, pale unapochomeka mkanda. Kwenye Toyota nyingi za miaka hiyo ile klipu ya mkanda haijafungwa kwenye sakafu, imefungwa kwenye siti yenyewe. Maana yake gari likigonga, mwili wako unavuta mkanda, mkanda unavuta klipu, klipu inavuta siti, na siti imeshikwa na bolti nne tu. Viwango vya wenzetu, kile cha Marekani namba 207, vinataka siti ivumilie nguvu mara 20 ya uzito wake yenyewe, na Kanuni namba 17 ya Umoja wa Mataifa nayo inapima kwa mshtuko wa 20 g, yaani kila kitu kinavutwa kwa nguvu mara 20 ya uzito wake. Siti ya umeme ya gari kubwa la saluni inafika kilo 25 na kuzidi, piga mara 20 hiyo ni kilo 500, na hapo hujaweka mtu. Mtu wa kilo 80 kwenye mshtuko huohuo anakuwa kama kilo 1,600, na sehemu kubwa ya mzigo huo inapita kwenye klipu. Ndo kitu unachomkabidhi yule jamaa anayechomelea kwa nusu siku.

Sasa kwanini Mark X hasa ndo mbaya kwa Probox. Mark X ni gari la kusukuma kwa nyuma, katikati ya sakafu yake lina mgongo mkubwa unaopitisha gia boksi na propela shafti, kwahiyo reli ya ndani na reli ya nje hazikai kimo kimoja, miguu yake imekunjwa kufuata sakafu yake. Probox yako ni mbele-kwa-mbele, inavutwa na matairi ya mbele, mgongo wake wa katikati mdogo na sakafu ina umbo lingine kabisa. Ukiiweka ile siti kwenye sakafu ya Probox bila kuigusa unakuta mguu mmoja umekaa, mwingine unaelea, na matundu hayaonani. Upana nao tatizo, Mark X ni gari pana na siti yake ina mabega na mapaja mapana, ndani ya Probox ule upande wenye swichi za umeme unagusa mlango, unafunga mlango ndo siti inasogea yenyewe mbele, nimewahi kuiona hiyo kwa macho. Halafu kuna mkao. Kwenye Mark X mtu anakaa chini miguu ameinyoosha, kwenye Probox unakaa wima kama kwenye stuli, pedali ziko chini ya magoti. Siti iliyotengenezwa kwa mkao ule ukiileta kwenye mkao huu, au inakuchongoa mapaja au inakulaza nyuma, na mgongo ndo unaoumia.

Kuna kitu kingine hapo watu hawakijui. Ukiangalia chini ya sponji ya siti, lile bati la kukalia limeinuka kwa mbele. Hicho kimwinuko sio urembo, kinazuia makalio yasiteleze mbele kupita chini ya mkanda gari likisimama ghafla. Mkanda wa kiunoni ukipanda toka kwenye mifupa ya nyonga ukaingia tumboni, unakata vitu vya ndani. Sasa fundi akikata miguu ya nyuma na ya mbele kwa kukadiria macho, siti ikainamia mbele hata kidogo tu, kile kimwinuko umekiua. Utakaa utaona fresh tu, hutajua mpaka siku hiyo.

Ningekuwa wewe ningeanzia kwa ndugu zake. Toyota Succeed na Probox ni gari moja lenye sura mbili, zilitoka pamoja mwaka 2002, nafasi kati ya matairi ya mbele na nyuma ileile milimita 2,550, siti za mbele zinahama bila kugusa kitu. Tafuta Succeed au Probox iliyokuwa ya familia, sio ile ya mzigo, ambayo siti haijakaliwa na dereva wa kampuni kutwa nzima miaka kumi. Na ujanja mmoja wa bure: siti ya abiria kwenye gari za mzigo kutoka Japan mara nyingi iko karibu mpya maana walikuwa wanatembea peke yao. Huwezi kuihamishia kwa dereva moja kwa moja, reli na levya zimegeuka, lakini sponji yake na mara nyingine hata springi za kukalia unaweza kuzitumia. Angalizo tu, Probox iliyobadilishwa mwaka 2014, ile yenye sura mpya, sehemu ya mbele ilibadilishwa sana, usidhani siti yake itakaa kwenye NCP51 kwa sababu jina ni moja.

Ukikosa Succeed panda hatua moja, nenda kwenye ukoo wa Vitz ya kwanza, ile ya 1999, maana Probox ilijengwa kwenye msingi huo, na ist ya 2002 nayo humohumo. Sisemi zinakaa moja kwa moja, nasema ndo mahali pa kuanza kupima, maana upana wa sakafu na mpangilio wa matundu unakaribiana na marekebisho yakiwepo yanakuwa ya milimita, sio ya sentimita. Watu wa Subaru hapa ndo wanatuchekaga, Forester ya SG ilijengwa juu ya Impreza ya GD, siti za mbele za WRX zinaingia kwenye Forester unafunga bolti nne unaondoka, kinachobadilika ni kwamba unakaa chini zaidi. Na wenye Premio na Allion za T240, au Noah na Voxy za R60, hao nao ni pacha, hawana hata haja ya kusoma haya.

Kupima sasa. Usiende Ilala na picha ya simu, nenda na boksi. Chukua karatasi gumu la boksi, la TV linafaa sana, toa siti yako ya sasa, ulilaze boksi kwenye sakafu na uligandamize juu ya yale matundu manne mpaka yaache alama, toboa hapo kwa bisibisi. Juu yake andika mbele, nyuma, ndani, nje. Chora na mstari wa katikati ya usukani, hiki ndo kinasahaulika, unashusha kamba yenye uzito toka katikati ya usukani na kuivuta nyuma uone inapita wapi kwenye boksi. Siti ikikaa pembeni ya mstari huo hata kwa sentimita tatu utaendesha kiuno kimepinda, na kwa safari ya Ifakara bora hata hiyo iliyobonyea. Halafu pima kimo: toka sakafuni pale kwenye kila tundu mpaka chini ya reli, matundu yote manne kila moja peke yake, usipime moja ukasema mengine yanafanana, hayafanani. Pima na toka sehemu ya kukalia mpaka dari ukiwa umekaa. Lile boksi unaenda nalo dukani unaligeuza chini ya siti, ndani ya dakika moja unajua kama unanunua au unasonga mbele.

Ukiwa palepale dukani ipindue siti uiangalie tumboni. Kutu kwenye springi na matope makavu kwenye pembe za reli, hilo gari lilizama kwenye maji, achana nayo. Kaa juu yake, vuta levya, sogea, achia, halafu jisukume kwa nguvu mbele na nyuma: reli zote mbili lazima zing'ate, utasikia tik mbili au moja nzito, ikisikika upande mmoja tu na mwingine unacheza, reli imepinda, hiyo siti imetoka kwenye gari lililogonga. Angalia na klipu ya mkanda kama imekuja nayo. Baadhi zina kile kidude chenye baruti cha kukaza mkanda wakati wa ajali, kikishalipuka shingo ya klipu inakuwa imezama chini na ganda lake limejikunja kama akodioni. Ukiona hivyo unajua hilo gari lilikutwa na nini.

Haya, klipu. Kanuni yangu ni moja, klipu ya gari lako inabaki na gari lako. Ulimi wa mkanda wa Probox umetengenezwa kwa klipu ya Probox, ya gari lingine inaweza kupokea ikasema klik na isishike vizuri, au isipokee kabisa, na waya wake wa taa ya mkanda unaweza kuwa tofauti. Kwahiyo unaihamisha klipu yako kwenda kwenye siti mpya, na unaifunga kwenye sehemu ileile ambayo klipu ya siti hiyo ilifungwa, yenye chuma kinene, sio kutoboa tundu jipya kwenye bati la pembeni. Bolti za mkanda kwenye magari mengi ni saizi ya inchi, 7/16 yenye uzi wa 20, sio ya milimita, usiichanganye na bolti za siti na usikubali ibadilishwe na bolti ya dukani kwa sababu tu imezama. Ukimaliza chomeka mkanda uangalie klipu inatokea wapi: inatakiwa iwe karibu na nyonga, mkanda ulale chini ya tumbo. Ikiwa imepanda juu sana siti umeiinua kupita kiasi.

Bolti za siti zenyewe ni mada yake. Toyota yako inatumia M10 yenye hatua ya uzi 1.25, kichwa spana 14. Duka la kawaida la nati na bolti ukiomba M10 unapewa ya hatua 1.5, kwa macho zinafanana kabisa, inaingia mizunguko miwili inakuwa nzito, fundi anasema ina kutu anaongeza bomba kwenye spana, na hapo ndo nati iliyochomelewa chini ya sakafu inanyolewa uzi. Nati hiyo hauifikii kwa juu, imefichwa ndani ya boriti la bati linalokatiza chini ya siti, kuibadilisha ni kukata sakafu. Kwahiyo kila bolti iingie kwa vidole kwanza, mizunguko mitano hivi bila spana, ikikataa itoe usilazimishe, safisha uzi kwa brashi ya waya ujaribu tena. Ukihitaji ndefu zaidi kwa sababu kuna bati umeongeza katikati, nunua iliyoandikwa 10.9 kichwani, au basi isipungue 8.8, isiyo na maandishi kabisa rudisha. Shika zote nne kwa mkono kwanza ndo ukaze kwa zamu, ukikaza moja mpaka mwisho zile nyingine zinakataa kuonana na tundu. Nguvu ya kukazia kwenye Toyota nyingi ndogo ni 37 Nm, gereji yenye spana ya kupima nguvu wanajua, hiyo sio nguvu nyingi, mtu akisimama juu ya spana ameshazidisha. Baada ya wiki moja ya barabara mbovu zirudie kuzikagua.

Sasa turudi kwa fundi wako wa kuchomelea, sina ugomvi naye, kuchomelea geti anajua. Reli ya siti ni chuma kigumu chembamba kilichokunjwa kwa mashine, ndani kuna grisi, gololi na vipande vya plastiki. Ukiipiga moto ugumu wake unapotea pale pembeni mwa weld, plastiki inayeyuka, na reli ikipoa inajipinda kidogo tu, na hicho kidogo kinatosha meno ya upande mmoja yasing'ate. Unaendesha miezi siti imeshikwa na reli moja na hujui. Na akichomelea kwenye sakafu ndo balaa zaidi, bati la sakafu ni jembamba, linakaribia milimita moja tu na mara nyingi halifiki, linavumilia maana zile nati zake zimekaa kwenye boriti, ukihamisha mzigo nje ya boriti siti inachanika na bati lake.

Ikibidi kabisa kuweka siti isiyo ya ukoo, njia ni bati la kati linalofungwa kwa bolti. Yaani unachonga chuma cha bapa cha milimita 6 au zaidi, kinafungwa kwa bolti kwenye matundu ya asili ya gari, na siti inafungwa juu yake kwa bolti kwenye matundu ya asili ya siti, hakuna kilichokatwa kwenye gari wala kwenye reli. Kuchomelea kukiwepo kuwe kwenye hilo bati la kati peke yake, likiwa nje ya gari, na mtu anayejua. Mabati mawili lazima yawe sambamba na kimo kimoja, ukiyapindisha unazipindisha reli na tumerudi kwenye meno yasiyong'ata. Usibandike washa kumi moja juu ya nyingine kama mnara kupata kimo, tumia bomba nene la chuma lililokatwa sawasawa, na likizidi sentimita tatu nne ujue umechagua siti isiyo yako. Kutoboa tundu jipya sakafuni kwangu ni la mwisho kabisa. Wale wa mbio za magari wanaruhusiwa kwa masharti, kanuni za FIA, shirikisho la magari la kimataifa, zinataka bati la kushikilia chini ya sakafu lenye eneo la sentimita za mraba 40 kwa kila tundu, unene usiopungua milimita 3 likiwa la chuma, na bolti isiyopungua milimita 8. Sasa mwulize fundi wako kama yeye chini anaweka bati au anaweka washa ya shilingi mia.

Eabegi. Ile lebo iliyoshonwa kwenye ubavu wa siti, upande wa mlangoni, ina maana ndani ya egemeo kuna mfuko na baruti. Angalia siti ya Probox yako, kama haina lebo hiyo basi gari halina mfumo wa eabegi za pembeni, na ukiweka siti yenye eabegi hiyo haitafanya kazi kamwe, inakuwa mzigo tu. Haifyatuki kwa siti pekee, inategemea sensa zilizo pembeni mwa gari na kompyuta yake iliyopimwa kwa gari lile. Plagi yake ya njano iache ilivyo, ndani ina kipande kinachogusanisha nyaya zake mbili kuzuia umeme wa bahati mbaya, ifunge tepu uifunge na waya wa plastiki kwenye fremu isining'inie. Usiipime kwa mita, usiijaribu kwa betri kuona kama nzima, na usichomelee chochote karibu na siti hiyo. Nakazia hapo kwenye betri maana madukani wanapenda kujaribu mota za siti kwa nyaya mbili na mtu asiyejua anaweza kugusa plagi yoyote.

Kwa wale ambao gari lao lina eabegi ya pembeni na wanaweka siti isiyo nayo, taa ya eabegi itawaka kwenye dashibodi, na utapata mtu wa kukuuzia kipande kidogo cha rezista cha kuizima. Kinaizima kweli. Kompyuta inadhani eabegi ipo, wewe huna, na siku ukiuza gari mnunuzi naye anadhani ipo. Mi siifanyi hiyo kazi kwangu. Na kabla ya kugusa plagi yoyote ya njano, toa waya wa hasi wa betri usubiri sekunde 90, ndo muda Toyota wanaouandika kwenye vitabu vyao. Ila kama siti ni ya umeme, isogeze kwanza mbele na nyuma utoe bolti zote nne halafu ndo utoe betri, la sivyo umejifungia bolti chini ya siti isiyosogea, nacheka lakini imewakuta wengi.

Umeme wa siti wenyewe ndo rahisi kuliko vyote, na ndo ulichouliza kwa urefu zaidi. Siti ya umeme inahitaji nyaya mbili nene tu, chanya ya moja kwa moja na hasi, zile nyembamba ni za taa ya mkanda, hita na mambo mengine. Chanya inatoka betri, fyuzi ya ampia 30 ikae karibu na betri sio chini ya siti, maana waya ukikwaruzwa njiani na kugusa bodi kabla ya fyuzi unaungua wote. Tumia waya wa milimita za mraba 4, upitishe chini ya kapeti pembeni ya mlango mbali na reli, hasi ifunge kwenye bolti ya bodi iliyokwanguliwa rangi. Usiibe umeme kwenye nyaya za redio au za kiberiti cha sigara. Hita ya kiti acha, wewe uko Morogoro, labda ungekuwa unapeleka mzigo Makete.

Wasomaji wa Bujumbura na Lubumbashi mlio na magari ya usukani wa kushoto, mkiagiza siti kutoka gari la usukani wa kulia kumbukeni ya dereva itaangukia upande wa abiria, na levya ya kimo nayo inahamia huko.

Kaka, kabla hata ya Succeed, kuna kitu rahisi zaidi. Toa siti yako, ipindue. Siti za Probox zilizotembea sana, sponji pale kwenye paja la kulia inakuwa imekatika ambapo dereva anapandia na kushukia, na mara nyingi waya wa springi umeng'oka kwenye ndoano yake au umekatika kabisa, ndo maana unazama upande mmoja na mgongo unapinda. Fundi wa viti mzuri anarudisha springi, anabandika kipande cha sponji ngumu, ile nzito sio ya godoro, anashona kitambaa, na fremu, reli, klipu vyote vinabaki vya kiwandani. Mwambie aongeze kidogo pale kwenye kiuno, Probox haina msaada wowote hapo. Asijaze kupita kiasi kwenye kukalia, ukiinuka sentimita tano umebadilisha mkao wote na mkanda. Kwa bei unayotaka kutoa kwa siti za Mark X unatengeneza zote mbili na tairi moja juu.

Kuhusu abiria, kama hiyo Probox siku nyingine inapiga mchomoko, yaani inabeba watu wa kulipa, na nina wasiwasi inapiga, gari la kubeba watu kibiashara liko chini ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na usiguse siti zake bila kuwauliza.

Advansi yako sasa. Wauzaji wengi wa Ilala hawarudishi hela ila wanabadilisha, mwambie umepima hazikai, unataka jozi ya Succeed au hata ya dereva peke yake, na nenda na lile boksi. Akikuambia za Mark X zinaingia kila gari, mwombe aiweke moja juu ya boksi mbele yako.